Januarius na Namba ya Mpaka

Katika kazi yake yote shemeji yangu Januarius alihitaji namba moja tu, nayo ni tatu nukta nane nne moja. Namba hiyo haikubadilika. Jumatatu ilikuwa hiyo, Ijumaa ilikuwa hiyo, masika hiyo, kiangazi hiyo hiyo. Hata hivyo kila alipoitaka alitoa kalkuleta yake kubwa mkobani, akaiweka katikati ya meza, akabonyeza vitufe vyake, akakunja mikono kifuani na kusubiri. Na watu wazima wenye akili zao timamu wakasubiri pamoja naye.

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Bariadi. Namba ile imo kwenye jedwali la mwisho la kitabu nilichosomea chuoni, mstari wa juu kabisa, hata kidole hakipati kazi ya kushuka. Nilimwambia hivyo kwa upole mara ya kwanza. Mara ya pili sikuwa mpole. Alinijibu kwamba majedwali ni mambo ya zamani na nchi sasa imefungua milango. Huo ndio ulikuwa wimbo wa miaka ile. Mtu akiwa na kitu chochote chenye betri, basi yeye ni soko huria.

Alizaliwa Binza, pale Maswa, mtoto wa wakulima wa pamba, Wakatoliki wa kwenda misa ya kwanza. Alifika kidato cha sita, akaenda Dar es Salaam kusomea cheti cha takwimu, akarudi na suti moja na Kiswahili cha puani. Ushirika ukamwajiri kuhesabu pamba. Kisha ikaja ruhusa ya kila mwenye mizani na lori kununua pamba, ushirika ukabaki na maghala matupu na vyeo, na Januarius akarudi nyumbani kwa dada yangu Anna, mkewe. Jembe hakulishika. Alisema yeye amesomea namba. Dada akamlisha kwa kushona sare za watoto wa shule, na bwana mkubwa akakaa kibarazani kusikiliza redio na kuikosoa serikali.

Aliyemwokoa ni mtafiti mmoja wa kizungu, mwanamke, aliyekuja kuchunguza wadudu wa pamba upande wa Meatu. Januarius alimtafsiria Kisukuma msimu mzima kule Mwanhuzi, akila vumbi na kulalamikia jua kana kwamba amezaliwa kwenye barafu. Yule mama alipoondoka alimwachia kalkuleta, ile ya aina inayochora grafu kwenye kioo chake, na ndani yake programu aliyoiandika mwenyewe.

Programu siidharau. Kalkuleta ile ukiipa namba iliweza kukuambia ni sehemu gani ya mkia inabaki mbele yake, yaani bahati peke yake hufika mbali hivyo mara ngapi, ila kurudi nyuma haikujua: ukiipa sehemu ya mkia, haikuweza kukutajia namba. Mtafiti akaifundisha kubahatisha kwa adabu. Inashika namba ndogo na namba kubwa, inapima iliyo katikati. Mkia ukiwa mrefu mno inasogea juu, ukiwa mfupi mno inarudi chini, inagawa tena katikati, hivyo hivyo mpaka hakuna tena pa kugawa. Ni kazi safi, na mtu mwenye vipimo vingi vya namna mbalimbali angeishukuru. Januarius hakujua lolote katika hayo. Alichojua ni kwamba mashine inauliza digrii za uhuru, unaandika moja. Inauliza mkia, unaandika sifuri nukta sifuri tano. Halafu kijistari kwenye pembe ya kioo kinaanza kukimbiakimbia, na baada ya muda namba inatoka. Kile kijistari ndicho kilichompatia ajira.

Ilikuwa mwaka ule baada ya mvua za El Nino. Hanif, mfanyabiashara wa hapa mjini aliyeanza na duka la vitenge, alikuwa amefungua kijineri cha kuchambua pamba, na alikuwa na makarani kwenye magulio kadhaa kuanzia Bariadi hadi kando ya ziwa. Kila karani alipima pamba ya wakulima na kuandika kila mzigo kuwa safi au fifi. Safi ni ile nyeupe. Fifi ni ile ya njano, iliyonyeshewa au kuokotwa chini mwishoni mwa mavuno, na bei yake ni ya chini. Hanif alihisi anaibiwa lakini hakujua na nani. Januarius akaingia ofisini kwake na mkoba.

Kipimo alichomuuzia kinaitwa kai-skwea, na ni kipimo cha heshima. Unachukua mizigo safi na mizigo fifi ya gulio moja, unailinganisha na ya magulio mengine yote yakiwekwa pamoja, unapata namba moja inayosema pande mbili zimeachana kiasi gani. Kisha unatafuta namba ya mpaka. Yako ikiwa chini ya mpaka, tofauti yaweza kuwa ni bahati tu. Ikivuka, si rahisi kusema ni bahati. Basi. Kipimo hakisemi zaidi ya hapo, na kwa kuwa siku zote ni pande mbili na aina mbili za pamba, mpaka siku zote ni ule ule. Lakini mwambie hayo mtu aliyekwisha kukunja mikono kifuani.

Hanif si mjinga. Aliniambia baadaye kwamba alipoona kijistari kile kinakimbia alidhani mashine inapitia vitabu vyake vyote vya manunuzi. Akampa Januarius meza, kiti cha kuzunguka na cheo cha ofisa takwimu. Dada yangu aliacha kushona sare kwa mwezi mmoja, kisha akaendelea, maana alimjua mumewe.

Msimu huo gulio moja lilivuka mpaka, tena lilivuka kwa mbali. Lilikuwa la Mwamanyili, kwetu tulikozaliwa, na karani wake aliitwa Jilala Mboje. Fifi ya Jilala ilikuwa nyingi kuliko ya makarani wenzake kwa kiasi ambacho hata bila kalkuleta ungekiona ukiwa umesimama barabarani. Januarius alipata hamsini na kitu dhidi ya tatu nukta nane. Akafunga mkoba, akatangaza kwamba jambo lile halikutokea kwa bahati, na kwamba kwa hiyo Jilala ni mwizi: anaandika fifi pamba iliyo safi, ile nyeupe anawauzia wanunuzi wengine, na mahali pake anajaza uchafu. Nani alimwona akifanya hivyo? Hakuna. Namba imesema. Namba ya watu haikuwa imesema kitu cha aina hiyo, lakini imeshawekewa maneno kinywani, itafanya nini.

Jilala akapewa mpaka Jumamosi alete maelezo, la sivyo aondoke na jina lake jipya. Jina ndilo lililomtisha. Alikuwa amepeleka posa kwa Milembe, binti wa Mzee Salu, na ng'ombe walikuwa wameshakubaliwa, wamebaki tu kuswagwa. Mzee Salu alituma neno mara tu habari zilipofika kijijini: hampi mwizi binti, isubiriwe Jumamosi ipite. Kwa hiyo kwenye meza ya shemeji yangu hakukuwa na gulio tu. Kulikuwa na mke wa mtu.

Alhamisi mama yangu, Ng'washi, akaja Bariadi, na Jilala nyuma yake ameshika kofia. Mama alikuwa mkulima wa pamba tangu kabla ya uhuru, na alikuwa amekuja kumsemea Jilala kwa mkwewe. Hapo ndipo mambo yalipokuwa ya kwetu kabisa. Mama mkwe wa Kisukuma wa rika lake haketi chumba kimoja na mume wa binti yake, hamtazami usoni, na mkwe naye anakwepa njia akimwona anakuja. Ni heshima, na mimi naiheshimu. Basi nyumbani kwa dada, mama akaketi jikoni nje, nyuma ya ukuta wa sebule, Januarius akabaki sebuleni na kalkuleta yake, na mimi nikawa wa kwenda na kurudi katikati yao kubeba maneno, na umri wangu huu na shahada yangu. Ukuta wenyewe ulikuwa wa tofali moja na dirisha halikuwa na kioo. Walisikiana kila neno.

"Mwambie baba," mama alisema, akimaanisha mkwewe, "mwaka huu mvua ilinyesha hadi pamba ikafunguka ndani ya maji. Nani Usukuma nzima kavuna nyeupe tupu? Hao makarani wengine fifi yao iko wapi?"

Nikaingia sebuleni nikarudia. Januarius alikuwa anatazama dari.

"Mwambie mama, kwa heshima zote," akasema, "kwamba kitaalamu jambo hili halikutokea kwa bahati."

Nikatoka. Mama alikuwa amekwisha kusikia na amekwisha kuudhika.

"Nani kasema bahati? Mwambie mimi sikutaja bahati. Wanawake ndio tunaookota fifi, ni pamba yetu ya mwisho, wanaume wanatuachia. Wiki ya kwanza niliipeleka kwa karani wa gulio lile la pili, la jirani zetu. Akanilipa bei ya fifi, risiti akaninyima. Eti fifi haina risiti. Halafu akaimwaga palepale juu ya nyeupe, naona kwa macho yangu. Nikamuuliza, mbona lundo ni moja? Akanifukuza. Ndipo nikaenda kwa huyu kijana. Huyu ana malundo mawili, na risiti anatoa, na anaandika anachokiona. Tukaambizana. Sasa wanawake wote tunapeleka kwake."

Nimefundisha miaka mingi na sijapata kusikia takwimu ikielezwa vizuri zaidi ya hapo. Makarani wengine walikuwa wanalipa fifi na kuandika safi, tofauti ya bei wanatia mfukoni. Jilala alivuka mpaka kwa sababu alikuwa peke yake asiyeiba, na kwa sababu hiyo fifi ya vijiji vitatu ikamfuata. Tofauti ilikuwa ya kweli kabisa. Mashine haikukosea hata tarakimu. Aliyekosea alikuwa ameketi kwenye kochi la dada yangu akijifanya hajasikia.

Nikaingia, sikurudia maneno ya mama. Nikamwambia, "Shemeji, umesikia."

"Mambo ya jikoni nitayasikiaje? Mimi na mama hatuzungumzi, wewe unajua mila."

"Nenda kwenye gulio la pili ukaangalie malundo. Ni mwendo wa baiskeli."

"Mimi si mtu wa malundo," akasema. Akawasha kalkuleta, mbele yangu, akaandika moja, akaandika sifuri nukta sifuri tano, akakunja mikono. Kijistari kikaanza kukimbia. Niliona kama nitaichukua niitupe kwenye beseni la vyombo, na bado najuta kwamba ilikuwa mali ya mtu. Namba ikatoka, akanigeuzia kioo niione. Tatu nukta nane nne moja. "Na ya kijana ni hamsini na saba," akasema taratibu, kama anayemsomea mgonjwa majibu ya hospitali. "Sasa wewe mwalimu wa hisabati unataka nibishane na hamsini na saba?"

Mila ile iliwekwa ili watu waheshimiane. Yeye aliigeuza pamba ya kuzibia masikio. Uongo wa Januarius sikuwahi kuukuta. Hakuwa mwongo wala mla rushwa. Alikuwa mtu aliyepata jibu kabla ya kuuliza, na hakutaka kuamshwa.

Jilala alipomsindikiza mama kwenda stendi aliniaga, "Wabeja, mwalimu," akashukuru kwa Kisukuma kama vile nimemsaidia. Jumamosi akafukuzwa. Nilikwenda kwa Hanif mwenyewe kumweleza habari ya malundo, naye akanisikiliza, akanipa soda, akasema anao mtaalamu na mtaalamu ni shemeji yangu, sasa amwamini yupi ndani ya familia moja? Milembe aliolewa Mwanhuzi kabla ya mvua za vuli, na mtu mwenye ng'ombe wengi na jina safi.

Msimu uliofuata ulikuwa wa raha kubwa kwa shemeji yangu. Makarani walikuwa wamemwona mwenzao akimwaga unga kwa kuandika fifi, na hawakuhitaji kusomea takwimu ili waelewe. Kuanzia Mwamanyili hadi hapa mjini hapakuandikwa fifi ya maana. Kila mzigo ulikuwa safi. Januarius alipima gulio baada ya gulio, kila moja likawa chini ya mpaka, na kila mara alisubiri kijistari kimletee mpaka ule ule, kisha akagonga meza kwa kidole na kusema, "Hakuna tofauti." Alisema hivyo kwa majirani, kwa padri, na kwa dada yangu aliyekuwa amerudi kwenye cherehani. Aliamini amesafisha pamba ya wilaya nzima akiwa amekaa.

Pamba nayo ilikuwa inaenda jinerini imechanganyika njano na nyeupe, na marobota yakafika kwa wanunuzi Dar es Salaam yakiwa na mabaka. Yakashushwa daraja, mengine yakakataliwa. Hanif akawa na hasara ambayo haikuhitaji mashine kuonekana. Akamwita Januarius. Siku hiyo nilikuwepo, maana alikuwa ameniita na mimi. Nadhani alikuwa amekumbuka ile soda.

"Ofisa," Hanif akasema, "nipimie kitu kimoja. Marobota mazuri na mabovu, msimu kabla hujaja, na msimu huu. Pande mbili."

Januarius akafurahi kupewa kazi. Akaandika, akajumlisha, akapata yake. Kisha akatoa kalkuleta, akaandika moja, akaandika sifuri nukta sifuri tano, na sote watatu tukatazama kijistari. Nakiri nilikuwa na raha ya aina fulani. Namba ikatoka.

"Imevuka?" Hanif akauliza.

"Imevuka."

"Kwa hiyo si bahati."

"Si bahati," akasema Januarius, bado ana sauti ya kitaalamu.

"Na kwa utaratibu wako, ikiwa si bahati, kuna mwizi." Hanif alisema bila hasira, akipanga kalamu zake. "Magulio umeniambia hayana tofauti. Makarani ni wale wale, isipokuwa mmoja tuliyemwondoa. Mizani ile ile. Kilichoongezeka katikati ya misimu hii miwili ni nini, ofisa?"

Januarius akafungua mdomo. Nadhani ndipo kwa mara ya kwanza alipojaribu kusema kwamba namba haimtaji mtu, kwamba tofauti ina sababu nyingi, kwamba ni lazima mtu aende akaangalie. Aliyasema yote hayo, na yote yalikuwa kweli, na alinitazama mimi nimuunge mkono. Nilikuwa nimekwisha kuyasema mwaka mmoja uliopita, sebuleni kwake. Nikatazama dari.

Alirudi nyumbani na mkoba. Safari hii dada yangu hakumlisha bure. Alimwambia lipo shamba lake la Mwamanyili, alilopewa na mama, na jembe liko nyuma ya mlango. Ofisa takwimu akalima pamba upande wa ukweni, akikwepa njia kila asubuhi mama yangu alipopita na ndoo. Alilima vibaya, alipalilia kwa kuchelewa, lakini alilima. Betri za kalkuleta ziliisha na hakuna duka la Mwamanyili lililouza za saizi ile ndogo.

Mavuno yalipofika ilikuwa likizo yangu ya Juni, nikamsaidia kupeleka mizigo gulioni. Kampuni nyingine, ya watu wa Mwanza, ilikuwa imeweka mizani mkabala na ilipokuwa ya Hanif. Tulipokaribia niliona malundo mawili ya pamba, moja kubwa jeupe na moja dogo la njano, na wanawake wamepanga foleni. Aliyekuwa nyuma ya mizani alikuwa Jilala.

Januarius angeweza kugeuza baiskeli. Hakugeuza, kwa sababu nyuma yetu alikuwa anakuja mama yangu na mzigo wake kichwani, na njia ya kukwepea haikuwepo. Foleni ikasogea.

"Mwangaluka, mwalimu," Jilala akanisalimia. Akamgeukia Januarius akamsalimia vile vile. Akafungua mdomo wa mfuko, juu ilikuwa nyeupe nzuri. Akatia mkono ndani mpaka begani, kama wafanyavyo makarani wanaojua kazi, akautoa na konzi la pamba ya njano yenye majani na udongo. Mkulima wetu mpya alikuwa ameifukia chini. Sikujua; nilikuwa nimebeba nusu ya mfuko ule na sikujua.

Jilala akaliweka lile konzi juu ya meza, mbele yake. Hakupaza sauti.

"Hii ya chini, bwana takwimu," akauliza, "imeingia kwa bahati?"

Wanawake wa foleni walikuwa wanasikiliza. Mama alikuwa hatua chache nyuma, ametazama pembeni kama inavyompasa. Januarius aliitazama ile pamba, mikono yake imening'inia, haikujua ikunjwe wapi.

"Hapana," akasema.

Jilala akamwaga mfuko, akatenga nyeupe na njano, akapima kila moja kivyake. Akaandika safi, akaandika fifi, akampa risiti zote mbili.